Sailensi

"Tuitoe tu hiyo taa, mwalimu. Gari lenyewe si unaliuza?"

Fundi aliyeniambia hivyo hakuwa tapeli. Nataka hilo lieleweke mapema, maana hadithi zetu za mafundi magari huwa na mhalifu mmoja tu, na kila msomaji anamjua kabla hajatajwa. Huyu alikuwa kijana wa rika langu. Gereji yake ilikuwa mwembe na vipande viwili vya turubai pale Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Alikuwa ameshabadilisha sensa mbili kwenye pikapu yetu na taa ya injini ilikuwa imerudi mara zote mbili. Aliona haya kuchukua hela yangu mara ya tatu. Kung'oa balbu ilikuwa namna yake ya kunihurumia: kazi ya nusu saa, bure.

Nilikubali. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilikubali nini hasa.

Pikapu yenyewe ilikuwa Toyota Hilux ya petroli, injini ya 3RZ, lita 2.7, gia za mkono. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika kwa ajili ya kubebea mwani. Kwa miaka tisa ilibeba viroba vya mwani mkavu kutoka Mlingotini, barafu, dagaa, matofali ya majirani na maharusi wawili kwa nyakati tofauti. Karibu kila kilichopanda humo kilitoka baharini au kilikuwa kinakwenda baharini, kwa hiyo chumvi iliingia kila mahali ambapo maji yanaweza kuingia, na hata pale ambapo hayawezi. Baba alipofariki ilibaki kwangu na kaka yangu. Yeye ndiye dereva. Mimi nafundisha sekondari, nikawa naiendesha Jumamosi tu.

Tuliamua kuiuza mdogo wetu wa kike alipopata nafasi ya chuo na mkopo wake haukufika hata nusu ya ada. Mnunuzi hakutafutwa na dalali. Ni mama muuza samaki aliyejuana na mama yetu tangu usichana wao, na alikuwa amechoka kukodi magari ya watu kupeleka mzigo Dar. Fedha alizikusanya kwenye kikoba. Tukapatana bei, tukapatana na siku ya kukabidhiana, Jumamosi.

Shida ilikuwa sailensi.

Kwa wasio wa gereji: sailensi ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haujagusa mafuta. Neno tumelichukua kwa Waingereza, kwao ni ukimya, ingawa injini iliyo kwenye sailensi haiko kimya hata kidogo, inapumua tu. Injini nzima ya aina ile ikishapata moto hupumua mizunguko kama 750 kwa dakika. Yetu ilikaa kwenye 1,800. Ukisimama kuwapisha wanafunzi wavuke, unalisikia gari linataka kuondoka. Ukiachia klachi kwenye gia ya kwanza, linaondoka lenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani. Siku nyingine sailensi ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha anaghairi.

Na taa ya injini ilikuwa inawaka, ile ya njano kwenye dashibodi.

Mimi kwa muda mrefu niliamini taa ile inajua kusema neno moja tu: kuna tatizo. Fundi wa Magomeni ndiye aliyenionyesha kwamba ina lugha. Magari ya kizazi cha pikapu yetu hayahitaji mashine ya kupimia. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko, na ndani ya kiboksi kuna matundu yenye majina. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unakaa mbele ya dashibodi. Taa ileile iliyokuwa inakukera inaanza kukukonyeza. Mikonyezo miwili, kituo, mikonyezo miwili: 22. Kituo kirefu. Mikonyezo miwili, kituo, mikonyezo mitano: 25. Kisha inarudia tangu mwanzo, bila kuchoka, mpaka uchomoe waya.

Nilihesabu nikiwa nimeshika kalamu kama mwanafunzi. Nilikuwa nimekaa na gari hilo miaka na sikujua kwamba muda wote lilikuwa tayari kuniambia jambo mahususi, iwapo tu ningejua kuuliza.

Nambari 22 ni sensa ya joto la maji ya injini. (Sensa hii siyo ile ya watu na makazi, ingawa zote mbili kazi yao ni moja, kumwambia mkubwa aliyeko mbali hali ikoje huku chini.) Ni kidude kidogo kilichochomekwa kwenye njia ya maji. Maji yakiwa baridi kinaweka ukinzani mkubwa wa umeme, yakipata moto ukinzani unapungua. Kompyuta ya gari haioni maji; inaona ukinzani tu, na kwa huo inakadiria joto. Sasa chumvi ilikuwa imeota kwenye soketi ya waya, kijani na nyeupe kama ukoga, na kutu ya shaba nayo ni ukinzani. Kompyuta ikajumlisha yote na kuhitimisha kwamba injini ina baridi kali. Injini baridi hupewa hewa na mafuta zaidi ili isizime. Basi sisi tulikuwa Bagamoyo mwezi wa pili, jasho linatutiririka, na kompyuta ya pikapu iliamini tuko Makete.

Fundi alisafisha soketi, akakata vichwa vya waya vilivyooza, akaunganisha upya. Nambari 22 haikurudi tena. Sailensi ilishuka kidogo, ikafika 1,400. Tukafurahi.

Ikabaki 25, na hapo ndipo tulipokosea.

Nambari 25 hutokana na sensa ya oksijeni. Hii inakaa kwenye bomba la moshi, mahali pa moto na uchafu kuliko pote, na kazi yake ni kunusa hewa iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Mikonyezo miwili na mitano maana yake ni hii: moshi una hewa nyingi kuliko inavyopaswa. Basi. Haisemi hewa imetoka wapi. Haisemi nani ameiingiza. Lakini kwa sababu ndiyo iliyosema, sisi tuliamua kwamba ndiyo mbovu. Nikanunua sensa ya mtumba Dar, fundi akaifunga, akachomoa nguzo ya betri ili kompyuta isahau makosa ya zamani. Taa ikazima. Siku ya tatu ikawaka. 25. Nikanunua nyingine, safari hii mpya, kwa 130,000. Betri ikachomolewa, taa ikazima, siku ya tatu ikawaka. 25.

Ukikaa ukafikiri, ni ajabu. Mashahidi watatu, kila mmoja amekuja kwa wakati wake, hawajawahi kukutana, wote wanasema neno lilelile, na sisi tunasema wote waongo.

Nafundisha, kwa hiyo nalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kila aliyesoma shule zetu anamkumbuka monita wa darasa, yule anayeachiwa chaki mwalimu akitoka, aandike wapiga kelele. Nilikuwa monita darasa la sita. Nakumbuka nilivyoandika majina saba ubaoni, na mwalimu aliporudi akaniuliza kwa nini darasa langu lina kelele. Darasa langu! Nilichapwa wa kwanza. Siku iliyofuata ubao ulikuwa mweupe, na mwalimu akasifu utulivu wetu. Mjumbe hauawi, tunasema, lakini msemo huo ungetungwa wa nini kama wajumbe hawakuwa wanauawa?

Kwa hiyo fundi aliposema tuitoe taa, alikuwa anamalizia tu tulichokuwa tumeanza. Alifungua dashibodi, akazungusha kijibalbu kidogo kama punje ya mhindi, akaniwekea kiganjani. Nilikitia mfuko wa shati.

Wiki ile ilikuwa ya raha. Sina njia nyingine ya kuieleza. Nilipanda gari, nikatazama mbele, na mbele hapakuwa na kitu kinachonilaumu. Sailensi bado ilikuwa juu, lakini bila taa ile ilionekana kama tabia ya gari, si ugonjwa. Siku ya tatu nilijikuta namwambia mwalimu mwenzangu kwamba pikapu imepona. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Mtu wa kwanza kudanganywa na balbu ile alikuwa yule aliyekuwa nayo mfukoni.

Jioni tulikaa barazani mimi na kaka, nikamuuliza kama tumwambie mama mnunuzi.

"Ameuliza?"

"Hajauliza."

"Basi."

Kaka yangu si mtu wa vitabu, lakini upande aliosimama una watu wakubwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu yake ya tatu aliweka kisa kilichobishaniwa na wanafalsafa kabla yake. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na shehena ya nafaka, anafika Rhodes wakati wa njaa. Anajua meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Antipater alisema lazima aseme, mnunuzi asikose kujua lolote analolijua muuzaji. Mwalimu wake, Diogenes wa Babuloni, alisema hapana: muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na zaidi ya hapo ana haki ya kutafuta bei nzuri. Kuficha ni jambo moja, alisema, kutosema ni jingine. Cicero mwenyewe aliegemea kwa Antipater. Kaka yangu angekaa na Diogenes wakanywa kahawa.

Na sheria yetu ingewaletea kashata. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mzizi wake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, haimbebeshi dhamana kubwa ya ubora mtu binafsi anayeuza kitu chake kilichotumika, ilimradi hakudanganya. Mnunuzi afungue macho.

Tatizo la msimamo huo, hata ukiacha maadili, alilieleza George Akerlof, mchumi wa Marekani, katika makala ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kama muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi hajui, mnunuzi atatoa bei ya wasiwasi kwa kila gari. Mwenye gari zuri ataona anaonewa, atalirudisha nyumbani. Watabaki wenye mabovu. Alipata Nobel mwaka 2001 akiwa na wenzake wawili, na kila ninapopita kwenye maegesho ya magari yanayouzwa kando ya barabara za Dar namkumbuka. Lakini hoja yake ni ya soko, na mama yule hakuwa soko. Alikuwa mtu aliyenibeba mgongoni.

Mimi nilikuwa na jambo jingine lililonikereketa, nalo lilitoka madrasa. Tulifundishwa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone. Ukikitazama kisa hiki vizuri, muuzaji yule hakusema uongo wowote. Hakuulizwa, na alipoulizwa alijibu kweli. Alichofanya ni kupanga nafaka.

Mafakihi wana neno la kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa: *ayb*. Neno hilo lilivuka bahari likafika kwetu, na njiani likahama kutoka kwenye bidhaa likaingia kwa mtu. Kwetu linaitwa aibu.

Usiku ule nilifikiri nimepata utetezi, kisha nikaupoteza. Diogenes angeweza kututetea kama tungenyamaza tu. Ukimya wangu ni wa mdomo wangu, na pengine nina haki nao. Lakini taa haikuwa mdomo wangu. Ilikuwa sehemu ya gari, kama usukani na tairi ya akiba, imewekwa na waliolitengeneza kwa ajili ya yeyote atakayekaa pale. Mimi ningekwenda zangu na fedha, na taa ingebaki ikimwambia kila asubuhi kitu ambacho mimi sikumwambia. Alikuwa anainunua na hiyo. Nilichofanya hakikuwa kunyamaza. Nilikwenda kwenye mali ya mtu mwingine nikanyamazisha kitu kilichokuwa kinazungumza naye.

Hayo niliyafikiri barabara, kwa utaratibu, kitandani. Asubuhi nikaenda kazini na balbu ikiwa mfukoni, na sikufanya lolote. Kuna watu wanaosema mtu akishaielewa haki ataitenda. Sijui wanaishi wapi.

Alhamisi tulikwenda Tegeta na kaka kuchukua mabati ya mtu. Yeye anaendesha. Tulipokuwa tunarudi, tumeshapita Bunju, barabara inateremka kwenda daraja la Mto Mpiji, pale ambapo Dar inaisha na Pwani inaanza. Mbele yetu kulikuwa na bodaboda imebeba binti mwenye sare za shule, ameshika ndoo ya plastiki mapajani. Kaka akagusa breki, gari likapungua vizuri. Bodaboda ikapunguza zaidi, sijui ilikwepa shimo. Akakanyaga tena, na safari hii hapakuwa na breki. Namaanisha pedali ilikuwepo lakini ilikuwa ngumu kama jiwe la msingi. Kaka alisimama juu yake kwa miguu miwili, matako yakaacha kiti, mkono ukatafuta handibreki. Mabati yakasogea nyuma yetu kwa kelele ambazo bado nazisikia.

Tulisimama. Kati ya bampa na ndoo ya yule binti palikuwa na nafasi ambayo ningeweza kuipima kwa hatua mbili. Aligeuka akatutazama. Hakupiga kelele, hakutukana. Dereva wake ndiye aliyetukana kwa niaba ya wote. Kisha wakaondoka.

Pedali ile ilikuwa na tabia ya kukaza tangu miezi kadhaa. Tulijua. Tulikuwa tumebadilisha pedi, tukasema itazoea.

Tulikwenda mwendo wa kobe mpaka Bagamoyo, moja kwa moja hadi kwa mzee mmoja wa Dunda aliyejifunzia ufundi kwenye Land Rover. Haamini kompyuta za magari, wala hazichukii. Tukamwamkia, akaitikia, akaingia kwenye kiti cha dereva na kufungua swichi bila kuwasha injini. Akakaa anaitazama dashibodi kwa muda.

"Taa ya injini iko wapi?"

"Imeungua, mzee," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Lilitoka lenyewe, laini, kama salamu. Baada ya falsafa yote ile ya usiku, huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa mdomo, na niliusema kwa mtu niliyempelekea gari alitibu.

Mzee hakunitazama. Alisema ukifungua swichi, taa zote lazima ziwake kwanza: ya oili, ya betri, ya breki, ya injini. Kisha ukiwasha injini, zinazima. "Gari zima huanza kwa kukuonyesha kwamba linaweza kulalamika. Halafu ndiyo linanyamaza. Lisiloonyesha hivyo, usiamini ukimya wake." Akashuka. "Na balbu za gari la kuuzwa huwa zinaungua sana." Bagamoyo mji mdogo, gari huuzwa na kujadiliwa mtaa mzima likiwa bado kwa mwenyewe.

Alichofanya baada ya hapo kilichukua dakika kumi. Aliwasha injini, akaiacha ipumue kwa kelele zake, akachukua koleo, akalizungushia kitambaa, akaanza kuminya mipira ya hewa mmoja mmoja. Mpira huu, hakuna kitu. Huu, hakuna. Akaja kwenye mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki, ile sinia nyeusi nyuma ya injini inayousaidia mguu. Akauminya. Injini ikashuka palepale kama mtu aliyewekewa mkono begani. Akauachia, ikapanda. Akauminya, ikashuka. Alinifanya niuminye mwenyewe.

Busta hutumia mvuto wa injini. Injini inaponyonya hewa, inanyonya pia kupitia mpira huo, na mvuto huo ndio unaofanya breki ziwe laini. Mpira wetu ulikuwa umepasuka kwa chini kwenye kona, ufa wa urefu wa kucha, mahali ambapo jicho halifiki. Ukikanyaga mara ya kwanza, mvuto mdogo uliokusanyika unakusaidia. Mara ya pili umekwisha. Na kupitia ufa huohuo, mchana na usiku, injini ilikuwa inanyonya hewa ambayo haikupita kwenye kipimo cha hewa, kompyuta haikuijua, mafuta hayakupangwa kwa ajili yake. Sailensi ikapanda. Na mwisho kabisa wa safari, kwenye bomba la moshi, sensa ya oksijeni ikanusa hewa ya ziada, ikasema ilichokiona.

25 ilikuwa breki. Miezi yote ile.

Haikuweza kusema breki. Sensa ile haijui kwamba gari lina breki, haijui kwamba kuna barabara, haimjui binti mwenye ndoo. Inajua hewa, na ikasema hewa. Ilikuwa kazi yetu kuuliza hiyo hewa inatoka wapi, na sisi tukawa tunabadilisha wasemaji.

Mpira mpya ulikuwa 18,000. Kaka alilipa bila kupatana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Hakusema chochote kuhusu nani ameuliza na nani hajauliza. Alininyooshea mkono tu, kiganja juu, na mimi nikatoa balbu kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imeshafuliwa mara moja. Tuliirudisha, tukafungua swichi, ikawaka. Tukawasha, ikazima. Siku ya tatu ilikuwa bado imezima.

Kwa hiyo Jumamosi ilisogezwa mbele wiki moja, na mama akaja amevaa kanga mpya kama anakwenda kuposa. Nikamwamkia, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu chumvi kwenye soketi, sensa mbili tulizobadilisha bure, mpira wa busta, na kilichotokea Mpiji. Nilimwonyesha mpira mpya na nikampa ule wa zamani ausafiri kwa vidole aone ufa. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mwanangu," alisema, "chombo cha baharini kisicho na maradhi kiko wapi?" Akaomba tupunguze 200,000. Tukapunguza. Kaka alikwenda kukopa kilichopungua kwenye ada.

Kuhusu balbu sikumwambia. Nilijiambia haina maana tena, imesharudi, inafanya kazi, kasoro yenyewe imetibiwa. Unamwelezaje mtu kitu ambacho hakipo? Hizo zote ni hoja nzuri. Diogenes angezipenda. Lakini najua kwa nini sikusema, na si kwa sababu ya hoja. Kasoro za gari nilizitaja zote. Iliyobaki ilikuwa yangu.

Alipanda kwenye kiti cha dereva ingawa hajui kuendesha; mwanawe ndiye angeendesha. Alitaka tu kukaa. Nikamwonyesha swichi, nikamwambia aifungue bila kuwasha. Dashibodi ikajaa rangi.

"Hii ya njano mbona inawaka?"

"Lazima ziwake kwanza, mama, halafu zizime. Siku ukiona hii haijawaka kabisa, msiendeshe. Mpeleke kwa fundi."

"Kwani inaweza kuacha kuwaka yenyewe?"

Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Alitazama chini.

"Balbu huungua, mama," nikasema.

Akawasha. Injini ilikuwa bado na moto wa asubuhi. Taa ikazima, mshale ukashuka taratibu hadi 750, ukatulia, na sote tukasimama pale tukiisikiliza.